Panzi, Ndege, Paa: Kipimo cha Nguvu katika Ngano ya Masala Kulangwa

Kila anayetaka kuwinda kwa upinde hukutana kwanza na swali la mvuto: upinde huu unadai nguvu kiasi gani, na je, mkono wangu unaiweza? Wengi hulichukua kuwa swali la mafundi na wawindaji. Mimi naliona katikati ya ngano ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, mojawapo ya ngano zinazojulikana sana Usukumani. Hoja yangu ni kwamba ngano hii, kwa umbo lake, inafundisha jinsi ya kupata nguvu inayolingana na windo na kulingana na mwindaji. Husifiwa kwa ushindi wake wa mwisho. Ubora wake nauona katika hatua ndogo zinazoutangulia ushindi huo, zile ambazo msimulizi mwenye haraka huziruka.

Kisa chenyewe ni kifupi. Shing'weng'we amewameza watu wote. Amesalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume na kumwita Masala Kulangwa. Mtoto anapopata akili anauliza watu wengine wako wapi, na mama yake anamweleza. Basi anakwenda vilimani kumtafuta adui. Jioni anarudi na panzi, anamtangazia mama yake kwamba amemuua Shing'weng'we, wapige vigelegele. Mama anamjibu kuwa huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Siku nyingine anarudi na ndege, kisha paa, kisha mnyama mkubwa zaidi, na kila mara tangazo ni lile lile na jibu ni lile lile. Mwishowe anakutana na zimwi lenyewe, analishinda, analipasua mgongo kwa kisu, na wote waliomezwa wanatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo. Kwa bahati mbaya kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi anawaka hasira na kutaka kumroga. Kijana anatafuta dawa na kumponya. Ndipo watu wanapomkalisha kwenye kiti cha utemi.

Hapa Mkolani, kusini mwa jiji la Mwanza, barabara ya Shinyanga inapita chini ya vilima vya mawe, na msikilizaji hahitaji kuelezwa vilima vya ngano vilivyo. Anaviona kutoka mlangoni. Jambo asiloelezwa ni silaha. Katika masimulizi ninayoyajua, silaha ya kuwindia haitajwi. Kisu peke yake ndicho kinachopewa jina, tena mwishoni. Pengo hilo msikilizaji hulijaza mwenyewe, na kwa Msukuma ni rahisi alijaze kwa upinde. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walipoibuka pande za Kahama na Shinyanga na kuenea hadi Mwanza, silaha yao ilikuwa upinde na mishale. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ulipopigwa usiku, wanaume walitoka nazo. Leo kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, lakini upinde bado haujawa kitu kigeni kwa wanaoisikiliza ngano hii. Kwa hiyo ni halali kumuuliza mwindaji anajua nini kuhusu upinde, kisha kurudi kwenye ngano tukiwa na majibu yake.

Mvuto wa upinde hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Upote unatundikwa kwenye kulabu, upinde unavutwa hadi pale mpigaji anapofikisha mkono wake, na kipimo kinasomwa kwa pauni au kwa kilo. Pinde za viwandani kwa kawaida huandikwa mvuto wake katika urefu wa inchi 28, yaani sentimita 71 hivi. Mwenye mikono mifupi akiuvuta upinde huo huo hadi inchi 26 atapata pungufu ya pauni kadhaa. Mwenye mikono mirefu atapata zaidi. Maana yake, namba iliyoandikwa kwenye upinde haijakamilika mpaka mtu fulani aushike. Nguvu haiko kwenye mti peke yake wala kwenye msuli peke yake.

Windo nalo lina neno lake. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria haimruhusu mtu kuwinda kulungu kwa upinde wenye mvuto chini ya pauni 40, kama kilo 18, ili mshale upenye vizuri na mnyama asiende kufia mbali kwa mateso. Waata wa Tsavo, nchini Kenya, waliowahi kusifika kwa kuwinda tembo kwa mishale ya sumu, walitumia pinde zenye mvuto uliozidi pauni 100, kwa sababu ngozi ya tembo haisamehe mshale mlegevu. Kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, mtoto wa kiume huanza kushika kiupinde akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na silaha hiyo inaongezeka kimo na ukali kadiri yeye mwenyewe anavyokua.

Uchaguzi uko kati ya kile windo linachodai na kile mkono unachoweza. Kosa la anayeanza ni kuchukua upinde mzito kuliko wote anaoweza kuuvuta mara moja mbele ya wenzake. Porini mambo hayako hivyo. Mwindaji anatakiwa avute polepole akiwa amepiga goti, asiunyanyue upinde juu na kumshtua mnyama, kisha aushikilie ukiwa umevutwa hadi paa ageuze ubavu. Mkono ukianza kutetemeka, nguvu yote ya mti ule inageuka kuwa hasara. Ndiyo maana wajuzi humshauri mtu aanze na upinde mwepesi, aumudu, ndipo apande.

Tukiisoma ngano kwa jicho hilo, mpangilio wa windo unaonekana upya. Kwa kawaida tunasema wanyama wamepangwa kwa ukubwa, mdogo kwanza, mkubwa mwisho. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Panzi hukamatwa kwa kiganja. Anachodai ni wepesi wa mkono na macho. Ndege yuko mbali na yuko juu. Hadai nguvu nyingi, anadai shabaha. Paa anadai kunyatia, kusubiri upepo, na mshale unaopenya. Kila hatua inaleta dai jipya bila kuyafuta ya nyuma, maana atakayempata paa ni lazima awe bado na wepesi wa kumkamata panzi na shabaha ya kumdondosha ndege. Shing'weng'we anayadai yote kwa pamoja na kuongeza ujasiri. Ukimwanzisha mtoto kwa paa, umemnyima shabaha. Ukimrusha kutoka kwa panzi hadi kwa zimwi, ushindi wake utabaki muujiza usio na mizizi. Ngazi ya ngano hii imejengwa na mtu aliyejua uwindaji, au angalau na kizazi cha wasimulizi waliosikilizwa na wawindaji.

Sasa tuitazame lugha ya marudio. Tangazo la mtoto halibadiliki. Anamwita mama yake kwa furaha, anadai amemuua Shing'weng'we, anaomba shangwe, na anayasema hayo akiwa ameshika panzi kama atakavyoyasema akiwa amebeba paa. Watoto hucheka hapo, na wana haki ya kucheka, kwa kuwa maneno ni makubwa na mzigo ni mdogo. Lakini angalia kinachotokea kadiri ngano inavyoendelea. Maneno yamesimama palepale, mzigo unakua. Pengo kati ya sauti na windo linapungua kila jioni. Msimulizi hahitaji kusema kwamba kijana ameongezeka nguvu. Anarudia tu sentensi ile ile mbele ya mnyama mkubwa zaidi, na sisi wenyewe tunapima. Kama tangazo nalo lingekuwa linakua, tusingekuwa na cha kupimia. Marudio ambayo msomaji wa haraka huyaona kuwa uchovu wa simulizi ya mdomo ndiyo rula yake.

Jibu la mama lina ufundi wake, na limebeba mambo matatu. Kwanza anakanusha: huyu siye. Pili anampa mnyama jina lake halisi: huyu ni panzi, huyu ni ndege, huyu ni paa. Tatu anageuza windo kuwa chakula: tumchome, tumle. Ukanushaji peke yake ungemvunja moyo mtoto. Kutaja jina kunamfundisha kutofautisha viumbe, na mwindaji asiyetofautisha viumbe hawezi kuchagua mshale wala upinde. Kula ndiko kunakoifanya ngazi iweze kupandwa, kwa sababu kila windo lisilokuwa zimwi linaingia mwilini mwa yule atakayelikabili zimwi. Panzi hakutupwa. Amekuwa sehemu ya mkono utakaomvizia ndege. Sijui ngano nyingi ambazo kosa la mtoto linapokelewa kwa namna hii: linasahihishwa, linapewa jina, kisha linaliwa na familia nzima, yaani watu wawili waliobaki duniani.

Tena mama ndiye mwenye kipimo, na sababu imewekwa mapema kabisa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwapo zimwi lilipopita. Mtoto anakwenda kuwinda kiumbe asichokifahamu kwa sura wala kwa kimo. Hawezi kujua nguvu anayohitaji kwa kuwa hajui anachokiendea. Lundo la makapi, ambalo mwanzoni linaonekana ni maficho tu, ndilo linalompa mama mamlaka ya kusema siye. Kila kanusho lake ni ushuhuda wa aliyeona. Mtindo wa ngano hautuambii zimwi lilikuwa na urefu gani. Unatuambia halikuwa panzi, halikuwa ndege, halikuwa paa, na ukubwa wake unajengeka akilini mwetu kwa kila mnyama aliyekataliwa.

Umbo hili halikuzaliwa Usukumani peke yake. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni. Humo paka wa sultani anaanza kula mifugo na kupanda hadi watu, huku sultani akikataa kumchukulia hatua, hadi anapokuwa nunda mla watu. Mwana mdogo wa sultani anatoka kumwinda, na kila anapoua mnyama, kuanzia mbwa na kupanda hadi twiga na tembo, anamwimbia mama yake kwamba amemuua nunda, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Ngazi ni ile ile, lakini hadithi ya pwani ina ngazi mbili: mnyama naye amepanda yake, mlo kwa mlo, kabla kijana hajaanza kupanda. Hilo linaipa hadithi hukumu ya kisiasa, kwa kuwa zimwi limelelewa ikulu na kila hatua yake ilikuwa na mtu wa kuizuia. Shing'weng'we hana historia hiyo. Yeye amekuja tu, kama njaa au tauni. Kwa hiyo uzito wote wa ngazi katika ngano ya Usukuma unabaki kwa mtoto na mama yake, na ndiyo sababu naiona imekaza zaidi katika suala la kipimo.

Tofauti nyingine iko kileleni. Katika masimulizi niliyoyazoea, siku ya zimwi halisi utaratibu unavunjika. Kijana harudi nyumbani kuuliza. Hakuna tangazo, hakuna jibu la mama. Analipasua zimwi palepale na uthibitisho unatoka tumboni, ukiwa na miguu na sauti za watu. Baada ya jioni zote za kusikia siye, sikio letu linasubiri mama aseme ndiye, na ngano inatunyima sentensi hiyo. Maneno ya kijana yalisemwa yalipokuwa si kweli. Yalipokuwa kweli hayakuhitajika. Huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika ngano hii. Anayejua kipimo haendi tena kukisoma kwa mwingine, kama mpigaji aliyeuzoea upinde wake asivyouning'iniza kwenye mizani kila asubuhi.

Kisha linakuja sikio la bibi. Wapo wanaoliona kuwa kipande kilichogandishwa mwishoni, tukio la kuchekesha lisilo na uhusiano na mwili wa ngano. Sikubaliani nao. Hadi hapo ngazi imetufundisha kuongeza nguvu, na haijatufundisha lolote kuhusu kuizuia. Kisu kilichopita kwenye ngozi ya zimwi hakikujua pa kusimama. Kila mwindaji anafahamu hatari hiyo: mshale uliopigwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika unaweza kulipita windo na kuendelea hadi kwa asiyehusika. Nguvu iliyotosha kumfungua Shing'weng'we ilizidi kidogo, na kidogo hicho kikawa sikio la mtu aliyekuwa akiokolewa. Hasira ya bibi si utovu wa shukrani. Yeye ndiye mpimaji wa pili wa ngano, wa kwanza akiwa mama. Mama alimwambia kijana haijatosha; bibi anamwambia imezidi.

Mpangilio wa matukio unaunga mkono usomaji huu. Kiti cha utemi hakiji baada ya zimwi kufa. Kinakuja baada ya dawa kupatikana na bibi kupona. Msimulizi angeweza kumtawaza kijana watu walipotoka tu tumboni, shangwe zikiwa juu, na hakuna ambaye angelalamika. Ameahirisha kutawazwa hadi jeraha lifungwe. Kwa mpangilio huo ngano imesema kwamba anayestahili utemi ni yule aliyepimwa pande zote mbili, upungufu na ziada.

Ili tuone ngano hii imechagua nini, tuiweke kando ya simulizi mbili kubwa za upinde. Katika Odisei ya Homer, uzito wa upinde wa Odiseo tunaujua kwa kushindwa kwa wengine: wachumba wanaomtaka mkewe wanauhangaikia na hawawezi hata kuutia upote, mwanawe anajaribu mara tatu, kisha mwenyewe anautia akiwa ameketi, bila shida. Katika habari za Fumo Liongo, ambazo Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913, uzito tunaujua kwa hofu ya wengine. Waliotumwa kumuua walipanga zamu za kukwea mkoma ili wampige mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika aliangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Anapokufa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari kwenye upinde, mji mzima unakosa maji kwa kuogopa mkono ambao hauna uhai tena. Simulizi zote mbili zinatupa shujaa aliyekwisha kukamilika. Hatuoni Odiseo akijifunza kuvuta, wala Liongo akikosa shabaha. Nguvu yao ni jambo la kushuhudiwa. Nguvu ya Masala Kulangwa ni jambo la kufuatwa tangu ilipokuwa na kimo cha panzi, na kwa hilo ngano ya Usukuma inamfaa zaidi mtoto anayesikiliza, kwa sababu naye anaweza kuanza leo jioni.

Usomaji wenye nguvu kuliko wangu umekwisha kuenea. Wakatoliki wa Usukuma wamemwona Masala Kulangwa kuwa mfano wa Kristo anayewatoa watu katika tumbo la mauti, na Joseph Healey na Donald Sybertz waliutumia usomaji huo katika kitabu chao cha teolojia ya simulizi za Kiafrika kilichotoka mwaka 1996. Nauheshimu, na kilele cha ngano kinauruhusu. Lakini macho yakikazwa kwenye tumbo linalofunguka tu, ni rahisi kuwasahau panzi na ndege. Mwokozi wa ngano hii alikosea mara kadhaa kuhusu adui yake na kusahihishwa na mama yake jikoni, na alipoweza hatimaye, alimjeruhi mtu. Anayetaka kumfananisha na yeyote aanze na hayo.

Hayo yananipeleka kwa wanaoisimulia leo, walimu wa shule zetu na wazazi wenye muda mchache. Ngano ikifupishwa, ngazi ndiyo hukatwa kwanza. Badala ya jioni za panzi, ndege na paa, tunapewa sentensi moja kwamba mtoto alikua akawa shujaa mwenye nguvu. Sentensi hiyo ni kama namba iliyochapwa kwenye upinde wa dukani: ni sahihi, na haimwambii mtoto kama yeye anaweza kuuvuta. Msimulizi akibanwa sana, apunguze maelezo ya zimwi, apunguze hata shangwe za mwisho. Mawindo matatu ya kwanza yabaki, kila moja na tangazo lake kamili na jibu la mama lenye sehemu zake tatu, wala maneno yasibadilishwe ili yasichoshe. Na sikio la bibi lisifutwe kwa kisingizio kwamba linaharibu furaha. Mtoto aliyeisikia ngano nzima ameambiwa mambo mawili ambayo kila mwenye nguvu anayahitaji: kwamba panzi ni hatua ya haki ya kuanzia, na kwamba siku atakapoweza kulipasua zimwi atawajibika kwa kila sikio lililo nyuma ya kisu chake.